Mbwa wa Kumi na Mbili

Mnyororo ulisikika kwanza. Ulikuwa ukiburutwa juu ya mwamba, ukanyamaza, ukaburutwa tena, kama mtu anayehama nyumba peke yake na hana haraka ya kufika anakokwenda. Nilikuwa nje ya nyumba ya bibi yangu nikipasua vichwa vya samaki vilivyoganda, chakula cha mbwa wangu tisa. Ilikuwa saa nne asubuhi, mwezi wa kwanza. Jua lilikuwa limetuaga tangu Novemba, na taa ya mlangoni iliangaza hatua sita tu. Mlio ulikuwa nje ya hatua hizo.

Bibi Maaliaaraq alifungua mlango akiwa na kikombe cha kahawa mkononi. "Ni yule wa Kaarali," akasema.

"Najua."

"Unajua, na umesimama na shoka kama umepigwa picha."

Nilishusha shoka. Nilikuwa nimechoka, na siku ilikuwa haijaanza.

Mzee Kaarali alikuwa jirani yetu wa nyumba ya mwisho, ile ya rangi ya njano iliyo juu ya gati. Mwezi wa tisa figo zilimshinda, akachukuliwa na helikopta akiwa hajitambui, akapelekwa Nuuk, mji mkuu ulio mbali kusini, kwenye mashine ya kusafisha damu. Huko hawaruhusu mbwa wa kuvuta sleji, gari la mbao linaloteleza juu ya barafu, na mbwa akishatoka huku kwetu kaskazini haruhusiwi kurudi tena. Kwa hiyo mbwa wake kumi na wawili walibaki wamefungwa kwenye pete za chuma mwambani, wakimngoja.

Kwetu mtu humpiga mbwa wake risasi mwenyewe. Mbwa akizeeka, au mwenye mbwa akishindwa kumlisha, hamwachii mtu mwingine kazi hiyo. Ni heshima ya mwisho na hakuna anayeipenda. Kaarali hakupata nafasi ya kuitoa. Wala hakuna aliyewataka wale mbwa. Barafu siku hizi inachelewa kushika, na nusu ya wanaume wameuza mbwa wao wakanunua pikipiki za theluji. Kazi ikamwangukia mkaguzi wa mbwa wa kijiji, Tittus, ambaye ni mdogo wake mama yangu. Alikwenda asubuhi moja ya Oktoba. Kijiji kizima kilikaa ndani kikihesabu milio. Ilikuwa kumi na mmoja.

Wa kumi na mbili alikuwa mbwa jike wa mwaka mmoja na nusu, mweusi. Mnyororo wake ulikuwa na kutu, na kwa hofu aliuvuta mpaka ukakatika. Tangu siku hiyo alikuwa anaishi chini ya mashua zilizopinduliwa ufukweni, akila matumbo ya samaki, akiburuta kipande cha mnyororo kirefu kama mkono wangu. Hakuna aliyeweza kumkaribia.

Tochi ilitokea kutoka upande wa gati. Alikuwa Mjomba Tittus, na bunduki ilikuwa begani.

"Habari ya asubuhi, Enok. Shikamoo, mama."

"Marahaba," bibi akajibu. "Unakwenda wapi na huo mti wako?"

"Mama, unajua ninakokwenda. Mwaka juzi mtoto wa dada yangu mwingine aling'atwa na mbwa aliyezurura hivi hivi. Mpaka leo hana sikio moja. Mbwa aliyekomaa akiwa hajafungwa, sheria ni moja: risasi."

"Huyu ana mnyororo," nikasema. "Sikiliza. Si unausikia?"

"Mnyororo, kisheria, ni ule uliofungwa na upande wa pili."

Nilicheka kidogo. Yeye hakucheka. Macho yake yalikuwa mekundu, kama ya mtu aliyekesha na mgonjwa.

Bibi alishuka ngazi moja, kahawa ikatoa mvuke usoni pake. "Mume wangu," akaniambia, "mwambie mwanao azime tochi."

Lazima niseme hapa: mimi nilipewa jina la babu, Enok, aliyefariki wiki tatu kabla sijazaliwa. Kwetu mtoto akipewa jina la marehemu amekalia kiti chake. Tangu niko kwenye nepi bibi ananiita mume wangu, ananigombeza kwa makosa ya miaka ya zamani, na hakuna anayeshangaa.

"Ule mwaka wa barafu mbovu," akaendelea, "ulipotumbukia na sleji nzima, nani alilala kifudifudi akakuvuta kwa nywele?"

"Bibi, nilikuwa sijazaliwa."

"Ndiyo maana umesahau. Ni Kaarali. Sasa mbwa wake yuko nje anakula matumbo ya samaki, na wewe una nyama, una kamba, una miaka ishirini na minne na mdomo mrefu. Mchukue."

Nilitazama giza. Mbwa wa kumi maana yake ni ndoo nyingine ya samaki kila siku mbili. Maana yake ni kuamka mapema zaidi. Nilitaka kukataa. Lakini mnyororo uliburutwa tena, sasa karibu zaidi, ukasimama. Alikuwa anasikia harufu ya vichwa vya samaki.

"Nitamchukua," nikasema.

Mjomba Tittus aliangalia upande wa mashua. Kisha akazima tochi.

"Betri imekufa," akasema gizani. "Leo sikumwona. Lakini Enok, nisikilize vizuri, ni mara moja tu. Akionekana tena hajafungwa, siulizi wa nani. Siku hiyo sina mpwa."

*

Kumkamata kulichukua siku tisa. Nilikaa ufukweni nimempa mgongo, nikila samaki mkavu, nikitupa vipande nyuma ya bega bila kugeuka. Siku ya sita nilisikia anatafuna. Siku ya nane alipumua shingoni kwangu. Siku ya tisa nilishika kile kipande cha mnyororo, naye hakuning'ata. Alijilaza tu akafumba macho, akingoja. Nilijua anangoja nini, na nilitamani ning'atwe badala ya hilo.

Bibi alimwita Taaq, yaani giza.

Sasa nitaje aibu yangu, kwa sababu bila hiyo hadithi haiendi. Mimi ni hodari wa mjeledi. Katika ghuba yote ya Uummannaq hakuna kijana anayenishinda, na sisemi hivi kwa kujisifu, waulizeni. Mjeledi wangu ni wa ngozi ya sili, mrefu hatua nane, na ninaweza kupukuta theluji kwenye sikio la mbwa bila kugusa sikio. Simpigi mbwa. Napiga hewa, kulia kwake au kushoto kwake, naye anajua pa kugeukia. Mlio wake ni mkavu na mkali. Watu walikuwa wakiusikia kutoka upande wa pili wa ghuba, wanasema, "Enok anarudi."

Siku ya kwanza niliyomfunga Taaq pamoja na wengine, kila mbwa na kamba yake, wametawanyika mbele ya sleji kama vidole vya mkono, nilipiga hewa mara moja. Taaq alianguka kama aliyekatwa miguu. Alijikojolea. Kisha akarudi nyumanyuma, akajikunja, akauchomoa mwili wake wote kutoka kwenye mikanda ya kifuani kama mtu anayevua fulana, akabaki anatetemeka juu ya barafu. Nilimwahi kwa kumlalia.

Ndipo nilipoelewa. Kwake yeye ule haukuwa mlio wa mjeledi. Ulikuwa mlio wa Oktoba, na alikuwa ameuhesabu mara kumi na moja.

Basi niliuweka mjeledi ndani, nikaanza kuwaendesha mbwa kwa mdomo. Ni kazi. Kufika jioni koo lilikuwa kama nimemeza mchanga. Mbwa wazee walinitazama kwa dharau, hasa kiongozi wangu Nasaq, ambaye alikuwa haamini kwamba mtu mzima anaweza kuomba. Nilipoishiwa amri nilianza kuimba. Nilitunga mwenyewe, hakuna aliyenifundisha:

*Vuta mwanangu kidogo,*
*mimi nasukuma nyuma;*
*barafu haina zogo,*
*hatuna wa kutufuma.*

Niliimba hivyo Februari nzima. Tulikwenda kwenye mashimo yetu ya kuvulia, mwendo wa saa mbili, nikateremsha mshipi wenye ndoana mia tano kilindini, nikaupandisha kwa mkono, nikang'oa samaki bapa mmoja mmoja huku vidole vimekufa, nikarudi. Kesho yake hivyo hivyo. Baridi ilikuwa ya nyuzi ishirini na tano chini ya sifuri na upepo juu yake. Jua lilirudi, tukalisalimu kwa kahawa juu ya kilima kama kila mwaka, nami nilisinzia nimesimama. Nikifika nyumbani nilikuwa nalala na viatu.

"Mbwa anaimbiwa," bibi alisema akinivua kiatu kimoja. "Mke wako miaka arobaini hajaimbiwa hata ubeti mmoja."

"Bibi, niache nilale."

"Hata ulipokuwa hai mara ya kwanza ulikuwa unajibu hivyo hivyo."

Lakini Taaq alianza kuvuta. Kwanza kamba yake ilikuwa inalegea kama uzi, halafu siku moja ilikaza, na haikulegea tena mpaka nyumbani. Alivuta kichwa chini, masikio nyuma, akisikiliza sauti yangu. Nikinyamaza, aligeuka kunitazama. Sijawahi kusikilizwa hivyo na mtu yeyote.

*

Mashindano ya sleji ya ghuba hufanyika mwezi wa tatu, mbele ya mji wa Uummannaq. Watatu wa kwanza huenda kwenye mashindano ya nchi nzima. Nilikuwa nimekosa mwaka jana kwa urefu wa sleji moja, na mwaka mzima nilikuwa nimelala na urefu huo kitandani.

Asubuhi ya kuondoka bibi alinipa mkate, mafuta ya sili na maneno.

"Mjeledi uache."

"Nitauacha."

"Nitazame ukisema."

"Nitauacha, bibi."

Sikuuacha. Niliukunja nikauweka chini ya ngozi ya kulungu ninayokalia. Sikukusudia kuutumia, naapa. Lakini mtu kusimama kwenye mstari wa kuanzia bila mjeledi ni kama kusimama bila suruali, na mimi ninajulikana. Nilitaka tu kujua kwamba uko.

Taaq alipita mji kwa shida. Watu, watoto, pikipiki. Alitembea tumbo likigusa barafu. Nilimfunga karibu na Nasaq na nikapiga magoti katikati yao. Hapo akaja Pavia, mshindi wa mwaka jana, amevaa suruali mpya ya ngozi ya dubu na tabasamu la zamani.

"Enok wangu. Nasikia siku hizi unawaimbia. Umeleta na kinanda?"

"Nimeleta mgongo. Utautazama njia nzima."

"Na huyu panya mweusi, naye anashindana au amekuja kusalimia?"

Wenzake wakacheka. Nilijibu kitu ambacho bibi hatakisoma, na bendera ikashushwa.

Zilikuwa sleji kumi na nne, mwendo wa kilomita arobaini, kuzunguka mlima wa barafu ulioganda katikati ya ghuba na kurudi. Sitaeleza yote. Nakumbuka pumzi za mbwa zikiganda kwenye ndevu zangu. Nakumbuka kukimbia kando ya sleji ili kuipunguzia uzito, nikirukia, nikishuka tena. Kwenye mzunguko kamba zilikuwa zimesukana kama nywele za msichana, kwa sababu mbwa hubadilishana nafasi wakikimbia, nikasimama kuzifumua kwa vidole vitupu. Nilipoteza nafasi mbili pale, nikazirudisha kwa kuimba. Sauti ilikuwa imebaki nusu. Taaq alikuwa mbele kabisa, sambamba na Nasaq, kamba yake imekaza kama waya.

Kilomita mbili za mwisho tulikuwa wa tatu. Mbele kulikuwa na mtu wa kutoka mjini ambaye sikumfikia, na mbele yake mwingine. Nyuma nilisikia mbwa wa Pavia.

Alinifikia. Tukawa bega kwa bega, sleji zetu hatua tano kutoka moja hadi nyingine. Mbwa wangu walikuwa wamechoka, nami sikuwa na sauti ya kuwapa. Nilifungua mdomo ikatoka hewa tu.

"Imba basi," Pavia akasema. Hakupaza sauti. Alisema kama mtu anayekuomba chumvi. "Imba, tukusikie."

Mkono wangu uliingia chini ya ngozi ya kulungu. Sikumbuki kuufikiria. Nilipiga hewa kushoto, mara moja, kwa nguvu zangu zote na uchovu wangu wote wa miezi mitatu, na mlio ukaenda ukagonga mlima wa mji ukarudi.

Mbwa tisa waliruka mbele. Wa kumi alianguka. Nilimwona akiburutwa, nikamwona anajikunja, akageuza kichwa, na mikanda ikamtoka. Alisimama. Alinitazama kidogo sana. Kisha akageuka akakimbia kusini, tumbo chini, na kwenye weupe ule wote alikuwa doa dogo jeusi linalopungua.

Nitasema kweli. Sikusimama papo hapo. Pavia alikuwa amebaki nyuma na mstari nilikuwa nauona, na watu, na bendera. Nilikwenda kama hatua mia mbili zaidi. Nilizihesabu baadaye, nikirudi.

Kisha nikakanyaga breki.

Pavia alinipita. Aligeuza kichwa, akaona kamba moja tupu inaburutika. Mwamuzi mmoja alikuja mbio na fulana yake ya njano.

"Unafanya nini? Mstari ule pale!"

"Nauona," nikamwambia, nikawageuza mbwa.

*

Kutoka mji hadi kijijini kwetu ni kilomita ishirini na mbili. Mbwa walikuwa wamekwisha kukimbia arobaini. Nyayo za Taaq zilikuwa wazi, zimenyooka, hakusimama hata kunusa. Alikuwa anajua anakokwenda, na nilipoona uelekeo wake nami nikajua.

Simu ililia ndani ya koti. Bibi hanipigii simu. Anasema inakula masikio.

"Mume wangu."

"Bibi."

"Mbwa wako amepita dirishani bila wewe."

Niliibana simu sikioni.

"Ulikuwa umeuacha mjeledi?" akauliza.

"Hapana."

Nilisikia akivuta pumzi. Hakunigombeza, na hilo lilinikata zaidi. "Watoto walikuwa nje wanacheza," akasema. "Wamemwona wote. Tittus ametoka. Ana bunduki. Amepita hapa hakunisalimu."

"Mwambie anisubiri."

"Mimi ni bibi kizee mwenye mguu mmoja mzima. Njoo umwambie."

Nilikuwa bado na kilomita nane. Nasaq alikuwa anachechemea. Mjeledi ulikuwa kwenye sleji mbele yangu, na ningeupiga mara tano tu ningefika nusu saa mapema. Mbwa wachovu huusikia hata wakiwa hawataki. Niliutazama. Nikashuka, nikaanza kukimbia, mkono mmoja kwenye sleji, nikisukuma. Nilijaribu kuimba. Nilichotoa hakikuwa wimbo, kilikuwa mkwaruzo, lakini walinijua. Mguu kwa mguu tulikwenda. Wakati wote nilikuwa nangoja kusikia mlio kutoka ng'ambo, na kila ufa wa barafu uliolia ulinisimamisha moyo.

Sikuusikia. Hilo nalo halikunipa raha. Upepo ulikuwa unatoka kwangu kwenda huko.

Niliwafunga mbwa chini ya gati nikapanda mwamba kwa mikono na miguu, kuelekea nyumba ya njano. Theluji mlangoni pa Kaarali ilikuwa haijakanyagwa majira yote. Pembeni, pale pete kumi na mbili za chuma zilipopigiliwa mwambani, Mjomba Tittus alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Bunduki ilikuwa magotini. Mbele yake, hatua kumi hivi, Taaq alikuwa amelala kwenye pete ya mwisho, mahali pake pa zamani, amejikunja, pua chini ya mkia, kama mbwa aliyefungwa.

Nilikaa chini.

"Umekuwa hapa muda gani, mjomba?"

"Saa nzima. Labda zaidi." Hakunitazama. "Alinikuta. Nilidhani atakimbilia mashua. Nikaja hapa tu, sijui kwa nini, naye akaja akalala."

"Hujapiga."

"Anatetemeka. Mimi natetemeka. Nitamlenga vipi?" Akajifuta pua kwa glavu. "Umekuwa wa ngapi?"

"Sikumaliza."

"Hm."

Chini kwenye barafu Nasaq alilia mara moja akanyamaza.

"Wale wengine walikuwa wananijua," Mjomba Tittus akasema. "Kaarali akisafiri, mimi ndiye nilikuwa nawalisha. Siku ile nilipofika walisimama wote. Walidhani nimeleta chakula. Mikia, Enok. Mpaka wa kumi na moja, mkia." Akageuza bunduki magotini. "Sijalala vizuri tangu siku hiyo. Halafu nasikia mnyororo unazunguka kijiji kila asubuhi. Nikaona nikimmaliza na huyu nitalala."

Niligeuka nikamtazama Taaq.

"Sheria haijabadilika," akasema. "Watoto wamemwona. Wazazi watauliza. Niwaambie nini?"

Nilisimama. Mjeledi ulikuwa mkononi. Nilikuwa nimepanda nao bila kujua, kwa mazoea. Nilichomoa kisu nikaukata pale ngozi inapoungana na mpini. Ulikuwa mgumu, kisu kililazimika kurudia mara tatu. Mpini niliuacha kwenye theluji. Nikakaa chini, nikampa Taaq mgongo kama siku zile za ufukweni, nikasogea kwa makalio hatua moja, nyingine, nikikwaruza ule wimbo, mpaka nikasikia pumzi yake shingoni. Nikageuka polepole. Nilipitisha ngozi kwenye ukosi wake nikafunga fundo. Alifumba macho, kama mara ya kwanza. Upande wa pili niliufunga kwenye pete ya mwambani, mafundo mawili, nikauvuta Mjomba Tittus auone.

"Huo ni mjeledi wako," akasema.

"Umefungwa na upande wa pili."

Aliutazama. Kisha akafungua bunduki, akatoa risasi, akaiweka mfukoni, akafunga kifungo cha mfuko. Aliinuka kwenye ndoo kwa taabu, kama mzee, naye hajafika hamsini.

"Nitawaambia amefungwa," akasema. "Ya kesho sijui. Mbwa mwoga hukimbia tena, Enok. Na wengine wako watazeeka, na wewe utachoka, utanunua pikipiki kama wenzako. Halafu mtu atanigongea mlango." Aliweka bunduki begani. "Sitaki kugongewa tena mlango. Hilo tu."

Taaq alikuwa amefumbua jicho moja. Kipande kile cha zamani cha mnyororo, nilichokitoa shingoni kwake mwezi wa kwanza, kilikuwa nyumbani kwa bibi kwenye msumari wa mlangoni; nilikikumbuka, na nikakumbuka mkono wa Kaarali uliomvuta Enok mwingine kutoka majini.

"Mjomba," nikasema, na sauti ilinitoka mbovu lakini yote, "huyu mbwa na wale tisa kule chini ni wangu. Nitawaendesha kwa mdomo mpaka siku yao ya mwisho, na siku hiyo ikifika, hata niwe mgonjwa, hata helikopta iwe inaningoja, nitashuka nitafanya mwenyewe. Hutagongewa mlango kwa mbwa wangu hata mmoja. Nakuahidi."